Magunia Chini ya Mawe

"Piga sahihi hapa, nesi, tukapumzike wote," Inspekta Mwiru alisema, akiusukuma ule ukurasa wa maelezo kwa ncha ya kidole.

Theresia Mpaki hakuushika. Alikuwa amelala mahabusu na sare yake ya kazi, nyeupe iliyogeuka kijivu, na bado alikaa mbele ya meza ameinua kidevu utadhani yeye ndiye aliyewaita polisi pale awahoji.

"Nisomee kwanza."

"Umeshasomewa. Kwamba wewe ndiye uliyeziba mianya ya boti. Kwamba kazi yenyewe uliilipua. Boti likavuja, likazama, na marehemu Anselm Gwao akafa maji. Uzembe tu huo, si kuua kwa kukusudia. Ukikubali, hakimu atakuonea huruma."

"Boti langu halivuji."

"Mtu amezikwa, mama!"

"Najua amezikwa. Nimemlilia humu humu ndani kwenu. Lakini boti langu halivuji, na sitasema linavuja hata mkinifunga mpaka nywele ziwe nyeupe."

Sajenti Damari Ntandu alikuwa amesimama dirishani, akisikiliza. Kwa jina, yeye ndiye mpelelezi wa kesi ile. Kwa vitendo, jalada lilikuwa kwapani mwa Inspekta tangu siku ya kwanza, na Inspekta alishaamua mwisho wake kabla hajajua mwanzo. Kesho Theresia angepelekwa mahakamani. Akitiwa hatiani, unesi ungekwisha, na heshima yake mjini ingeyeyuka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Watu wanne wa mjini Singida walikuwa na wazimu mmoja, kuunda na kufufua maboti ya mbao, si kwa kuvua wala kwa biashara, kwa kupenda tu. Anselm, karani aliyepunguzwa kazini shirika lilipouzwa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Zefania Mghenyi, fundi seremala mstaafu wa reli kutoka Manyoni, ndiye aliyekuwa mkono wao. Clement, mfanyabiashara wa alizeti, aliwapa banda kando ya ziwa Singidani. Theresia alikuwa fundi wa kalafati, ile kazi ya kusokomeza pamba iliyolowa mafuta kwenye mianya ya mbao mpaka maji yakose pa kupita. Watu waliwacheka. Singida ina kuku, vitunguu na upepo, boti la nini? Wao waliendelea kupiga randa.

Kisha Anselm akakutwa asubuhi kwenye majabali ya ufukweni, amekufa, na jeraha kisogoni. Daktari alisema huenda ni jabali, huenda ni kitu kingine. Boti lao kubwa lilikutwa chini ya maji, mahali ambapo maji yanamfika mtu kifuani. Inspekta akajumlisha mawili hayo akapata Theresia.

"Nesi," Damari alisema, "unajua boti lilikutwa limelala chini kabisa?"

Theresia aligeuka. "Chini wapi?"

"Chini kwenye tope. Limetulia."

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Theresia alicheka.

"Afande, umewahi kuona ubao ukizama? Boti la mbao likijaa maji linabaki linaelea nusunusu, kingo zikichungulia juu. Ukiliona chini limetulia, ujue limeshushwa."

"Anajitengenezea njia huyu," alisema Inspekta.

"Sasa liko wapi?" Theresia alimwuliza Damari, kana kwamba Inspekta hayumo.

"Ufukweni, juu ya mchanga."

"Juani? Basi fanyeni haraka. Kwa jua hili na upepo huu mbao zitakauka, mianya itafunguka. Mkiliacha mpaka kesho litavuja kweli, na huyu bwana atapata ushahidi wake."

Damari alitoka bila kuaga. Nje alimtuma askari akalifunike boti kwa matambara, ayamwagie maji, na asikubali mtu yeyote alifunue.

Konstebo Simoni, aliyeongoza kulivuta boti kutoka majini, alikuwa nyuma ya kituo akipuliza mkaa wa chai. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na roho nzuri, asiyeandika kitu ambacho hakuulizwa.

"Simoni, mlipolitoa boti, ndani mlikuta nini?"

"Maji, afande."

"Na nini kingine?"

"Mawe. Makubwa, mengine yalinitoa jasho. Niliyatoa kwanza, bila hivyo lisingenyanyuka."

Damari alimtazama mpaka mwenzake akaacha kupuliza mkaa.

"Mbona kwenye taarifa yako hakuna mawe?"

"Afande, pale kando ya ziwa ni mawe matupu. Ningeanza kuyaandika, ningemaliza lini?"

"Yalikuwa yametupwatupwa?"

"Hapana, yamepangwa. Na chini yake kulikuwa na magunia." Simoni alionyesha uani. Mawili yalikuwa yamening'inia kwenye seng'enge, na la tatu lilikuwa limeshafungwa kwenye kiti cha baiskeli yake. "Yamekunjwa mara tatu, yamelazwa juu ya mbavu za boti, kama mtu anamtandikia mtoto. Nikasema, magunia mazima haya, yasipotee bure."

Damari alilishika gunia moja. Lilikuwa na duara jekundu la rangi, alama ya ghala la Clement. Lakini hakuangalia alama kwa muda mrefu. Alikuwa anawaza jambo jingine, na jambo lenyewe lilimsisimua mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Aliyelizamisha boti alitaka watu waamini kwamba lilivuja. Alikuwa na mawe mkononi, mazito. Pigo moja tu kwenye ubao lingetoboa tundu, na tundu lingejibu maswali yote. Hakutoboa. Alienda akatafuta magunia, akayakunja, akayalaza mahali penye mbavu ili uzito usiumize mbao, ndipo akapanga mawe taratibu. Mtu yule alikuwa ametoka kumwua binadamu, na bado alishindwa kulikwaruza boti.

"Simoni, habari ya magunia haya umemwambia nani?"

"Wewe tu, afande."

"Na mliovuta nao?"

"Wao walikuwa wanashika kamba nje. Ndani niliingia mimi."

"Basi iishie hapa. Hata mkeo asijue. Na hilo la baiskeli lifungue, nalitaka."

Inspekta alimkuta koridoni na magunia kwapani.

"Unakwenda wapi na takataka?"

"Ziwani, afande. Ila kwanza nipitie kwa Clement na kwa mzee Zefania. Alasiri naomba umlete nesi ufukweni. Uje na wewe."

"Nimesema jalada linafungwa."

"Litafungwa. Lakini kama litafungwa kwa uongo, jina langu halitakuwemo. Utaandika la kwako peke yako."

Inspekta alikuwa mvivu, lakini mjinga hakuwa. Sajenti anayekataa kuweka jina lake ni kelele ambayo wakubwa wa Dodoma wangeisikia. "Alasiri," alisema. "Baada ya hapo sitaki kusikia habari za maboti mpaka nistaafu."

Clement alikuwa mlangoni pa ghala lake, kalamu sikioni, akibishana na wapakiaji. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, ilikuwa imemnenepesha. Alikuwa na shati la mtumba lenye maua na saa kubwa ya dhahabu isiyokuwa dhahabu. Alipomwona Damari aliwaondoa watu kwa mkono.

"Mlimsikia nani akisema nimegombana na Anselm?" alianza mwenyewe.

"Sijasema mligombana. Umesema wewe. Mligombania nini?"

Clement alijipiga paji la uso. "Nina mdomo mimi! Haya, tuligombana. Palepale bandani, na wafua nguo wote walisikia. Afande, unaijua ile baa mpya ya njia ya Dodoma? Mwenye baa alitaka boti. Si la kupanda. Alitaka alikate katikati kwa msumeno, nusu alisimamishe ukutani, apange chupa za bia ndani. Kaunta! Na Anselm akakubali."

"Kwa nini akubali?"

"Kazi hana, watoto wanne. Mimi namwelewa. Lakini nilimwambia mbele ya uso wake kwamba huo ni ushenzi. Boti lile tulilitoa Sepuka likiwa hori la ng'ombe! Wazungu wa misheni waliliacha zamani, watu wakalifanya la kulishia mifugo. Mzee Zefania alipoliona alilishika kama ndugu aliyepotea."

"Mzee alijua habari ya msumeno?"

"Sijui. Anselm alisema atamwambia mwenyewe. Alikuwa anamwogopa."

"Jioni aliyokufa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Shahidi?"

"Mke wangu."

"Mke atasema utakavyo. Magunia yako, Clement, huwa unayagawa?"

"Yamejaa bandani. Tunakalia, tunafunikia, tunafutia mikono. Kwani vipi?"

"Nilikuwa nataka la vitunguu," alisema Damari. "Alasiri uje ziwani. Tunataka mikono."

Alikuwa na ugomvi, alikuwa na magunia, na hakuwa na shahidi. Inspekta angempenda sana Clement. Damari aliondoka akijua hivyo, na ikamkera.

Banda la ziwani lilikuwa limejengwa kwa mabati juu ya jabali pana, na upepo ulikuwa ukilitikisa. Mzee Zefania alikuwa ndani, akipiga randa kwenye kasia jipya. Vipande vyembamba vya mbao vilikuwa vikimdondokea miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeagiza boti lilowanishwe?"

"Ni mimi."

"Umefanya vyema. Walikuwa wameliacha juani kama mzoga." Randa iliendelea. "Upande wa kushoto wameukwaruza wakati wa kulivuta. Nimeona. Nitaupiga msasa mkiniruhusu."

"Mara ya mwisho ulimwona marehemu lini?"

"Mchana wa siku ile. Alipita, akasalimia, akaenda zake."

"Jioni?"

"Jioni nilikuwa kwangu na goti langu. Likiingia baridi, goti halina adabu."

"Alikuambia habari za baa?"

Randa ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Baa gani? Mimi mlokole, mwanangu."

"Mwenye baa alitaka boti, wamekubaliana alikate."

"Watu wanasema mengi." Mzee aliinua kasia, akalipima kwa jicho moja. "Boti mtaturudishia lini?"

"Mzee, tangu nimeingia umeuliza habari za boti tu. Nesi Theresia yuko mahabusu, hujamwulizia."

"Nimemwulizia moyoni," alisema Zefania, na hakumtazama.

Damari alitembea na jibu lile mpaka alasiri.

Inspekta alikuja na gari la polisi, pingu mikononi mwa Theresia, na hasira usoni. Clement alifika akihema. Zefania alisimama mlangoni pa banda. Wafua nguo waliacha nguo zao na kusogea, na hakuna aliyewafukuza, kwa sababu Damari alitaka macho mengi.

Matambara yaliondolewa, boti likasukumwa majini, likaelea. Lilikuwa zuri. Hata Damari, aliyekulia Sepuka kwenye maji ya kisima, aliona kwamba ni zuri.

"Lilivuja na mtu mmoja ndani," alisema Inspekta. "Nani mwendawazimu wa kupanda?"

"Mimi," alisema Damari, akavua viatu.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, afande."

"Sajenti, nakukataza."

"Andika kwamba umenikataza. Na umfungue pingu nesi, atanipigia makasia. Akitaka kutoroka, atatorokea wapi, katikati ya ziwa?"

Watu walicheka. Inspekta alitafuta pa kutazama, kisha akatoa ufunguo.

Damari alipanda. Aliogopa, tena aliogopa sana. Boti lilipoyumba alishika kingo zote mbili akamwomba Mungu kwa Kinyaturu, lugha ambayo Mungu alikuwa akimsikiliza tangu utotoni. Theresia alivuta makasia kwa mikono yenye alama za pingu, bila haraka, mpaka watu wa ufukweni wakawa wadogo.

"Unatetemeka, afande."

"Piga kasia, acha maneno."

"Weka nyayo zako kwenye mbao. Zote mbili. Ukisikia ubaridi wa maji, nipeleke mwenyewe jela, na sahihi nitapiga."

Damari aliweka nyayo. Upepo ulipiga, mawimbi madogo yaligonga ubavu, boti likazunguka na kurudi. Nyayo zilibaki kavu. Aliinama akafuta chini ya ubao wa kukalia kwa leso, kona kwa kona. Waliporudi, alikanyaga mwamba mbele ya Inspekta, akainua mguu mmoja amwonyeshe wayo, kisha akampa leso.

"Kamua, afande."

Inspekta alikamua. Halikutoka hata tone.

"Andika kwenye ule ukurasa wako," alisema Theresia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wafua nguo. "Halivuji!"

"Basi lilizamaje?" Inspekta alifoka.

"Kwa mawe," alisema Damari. "Simoni alikuta mawe ndani. Sasa nataka nijue yanahitajika mangapi kulishusha. Clement, saidia."

Clement alibeba jiwe lake, akaliangusha ndani kwa kishindo. Boti lilitoa mlio. Theresia alipiga kelele, "Wewe! Ukitoboa utaziba mwenyewe!" Clement aliomba radhi huku akijifuta mikono kwenye maua ya shati lake. Zefania, kule mlangoni, aliuma midomo.

Damari alimwashiria Simoni kama walivyopatana. Konstebo alichagua jiwe kubwa kuliko yote, akalinyanyua mpaka usawa wa kifua, akasimama juu ya boti, tayari kuliachia.

"Gunia!"

Kila mtu aligeuka. Mzee Zefania alikuwa anateremka jabalini na goti lake, karibu anakimbia.

"Weka gunia kwanza, wewe mtu! Utavunja mbao! Mnataka kuliua?"

Aliingia majini na viatu. Magunia matatu Damari alikuwa ameyaacha juu ya mwamba, yamefunguliwa. Mzee aliyachukua, akakunja la kwanza mara tatu, akalilaza juu ya mbavu za mbele. La pili akalilaza katikati. La tatu nyuma, akalinyoosha kwa kiganja. Akaliokota lile jiwe la Clement na kuliweka juu ya gunia, polepole.

Simoni alikuwa bado na jiwe lake kifuani. "Afande," alisema kwa sauti ndogo, "ndivyo yalivyokuwa. Hivyohivyo. Mara tatu. Na mahali palepale."

Damari aliingia majini mpaka magotini.

"Nesi, nyinyi mnaweka mawe kwenye boti?"

"Hatujawahi," alisema Theresia. "Tukitaka mbao zivimbe tunamwagia maji tukiwa nchi kavu. Mawe ya nini?"

"Mzee, kwamba magunia haya yalilazwa chini ya mawe tulikuwa tunajua watu wawili, mimi na Simoni. Wa tatu ni aliyelizamisha."

Angeweza kubisha. Wakili mzuri angesema fundi yeyote angefanya vile. Lakini Zefania alikuwa ameweka kiganja juu ya gunia, na alikiangalia kiganja chake kama si chake. Kisha aliketi ukingoni mwa boti, akainua kichwa. Hakuonekana mtu anayejuta. Alikuwa amekasirika.

"Angelikata," alisema. "Kwa msumeno, katikati. Miaka yote ile nimelikwangua kinyesi cha ng'ombe kwa mikono hii, aje mlevi apange chupa! Alinieleza akicheka, hapo juu penye jabali. Nilimsukuma. Kichwa kikapiga mwamba. Sikutaka afe, lakini nilimsukuma, na angecheka tena ningemsukuma tena."

"Ukalizamisha ionekane limevuja," alisema Damari.

"Nilichukua jiwe nilitoboe. Nililinyanyua kabisa." Alitikisa kichwa. "Mkono ukakataa."

Clement alikuwa analia waziwazi. Inspekta alikuwa na pingu mkononi na hakujua aanze na nani kuomba radhi. Theresia alitembea ndani ya maji mpaka akasimama mbele ya mzee. Mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Ndiye aliyemfundisha kushika randa wakati wanaume wengine walimwambia arudi jikoni.

"Ulijua niko ndani," alisema.

"Nilidhani watakuachia. Nilidhani faini tu."

"Boti uliliwekea magunia lisiumie, mzee Zefania. Mimi uliniwekea nini?"

Kwa mara ya kwanza alasiri ile hasira ilimtoka mzee usoni na pakabaki patupu. Theresia hakusubiri jibu. Aliinama, akalitoa jiwe botini, akalitupa mbali majini, kisha akaanza kukunjua magunia moja baada ya jingine.